Kichupa cha Bibi Harusi

Kazi yangu ni kuosha vioo vya maabara, na niseme mapema kwamba sayansi yenyewe siijui. Najua chupa ipi hupasuka ikimwagiwa maji ya moto ghafla, najua sabuni ipi hula ngozi, na namjua vizuri mwanamke niliyefanya naye kazi chumba kimoja miaka yote hii. Habari zake ndizo ninazotaka kuzisema. Nikipandwa na hasira njiani mnivumilie, maana bado sijapoa.

Tulimwita Mama Joto. Mtoto hakuwa naye. Hilo "Mama" lilikuwa la heshima, na "Joto" lilitoka kwenye kabati lake, lile kabati la chuma linalotunza joto kama la mwili wa mtu. Humo alikuwa akikuza vijidudu vya homa ya mifugo, homa ambayo watu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumzalisha ng'ombe mgonjwa. Kila asubuhi alifungua mlango wa kabati, akachungulia chupa zake na kusema, "Amkeni, watoto wabaya." Mimi nikiwa kwenye sinki nilijibu kwa niaba yao, "Shikamoo mama." Mzaha wenyewe ulikuwa wa kijinga, lakini siku tusipoufanya tuliona kama kuna kitu tumesahau nyumbani.

Sasa mtu atauliza, vijidudu vya nini kukuzwa badala ya kuuawa? Nilieleweshwa hivi. Damu ya mgonjwa ikiachwa igande, juu yake hubaki majimaji ya manjano. Tone la majimaji hayo huwekwa kwenye kigae cheupe, likachanganywa na tone la dawa ya buluu, kisha kigae kikatikiswa taratibu. Mtu akiwa na homa hiyo, ile buluu hukatika madongemadonge kama maziwa yaliyoharibika. Asipokuwa nayo, hubaki laini. Lakini dawa ya buluu yenyewe imetengenezwa kwa vijidudu vilevile, vilivyouawa na kutiwa rangi, na huwezi kuua usichokikuza kwanza. Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Vijidudu hivyo huruka hewani kirahisi. Ukifungua kifuniko vibaya mara moja tu umeshavivuta. Kwa hiyo kipimo cha kuwatambua wagonjwa kilikuwa kinaweza kuwaambukiza wanaokitengeneza. Ajabu, lakini ndivyo tulivyokuwa tukiishi, na glavu zetu na barakoa zetu.

Daktari, mkuu wa maabara yetu, alikuwa na nia ya kulimaliza jambo hilo. Alikuwa akitengeneza kipimo kingine, kijikaratasi chembamba kinachodondoshewa damu na kutokeza mstari mwekundu. Badala ya kijidudu kizima, ndani yake kulikuwa na kipande tu cha ganda lake, nacho kilitengenezwa na kijidudu kingine kisichomdhuru mtu. Kikifaulu, kabati la joto lingezimwa. Hakuna mtu angekuza tena, wala mimi nisingeosha tena chupa zile huku nikibana pumzi. Nilimwombea Daktari kila nilipopata nafasi ya kuomba. Nataka hilo lijulikane, nisije nikaonekana ni mtu wa kijicho.

Daktari na Mama Joto walikuwa mtu na wifi yake. Walianza kazi siku moja wakiwa wasichana, mmoja akaenda kusoma zaidi na kurudi mkubwa, mwingine akabaki na kabati. Urafiki haukufa. Friji ya maabara ilipoharibika, Daktari alimleta kaka yake, fundi wa mafriji, mwanamume mpole asiyemaliza sentensi. Alikuja kutengeneza friji akaondoka na mwenye friji, ndivyo tulivyosema siku ya ndoa yao, na Daktari ndiye aliyecheka kuliko wote. Tangu hapo hata mbele ya wageni Daktari alimwita "wifi yangu", na Mama Joto akaitikia "naam wifi" huku uso umejaa furaha.

Ndani ya friji hiyo kulikuwa na kichupa kimoja tulichokiita Bibi Harusi. Kila maabara ya namna yetu huwa na kichupa kama hicho, majimaji ya damu ya mtu anayejulikana kabisa kuwa na homa, ili kila toleo la dawa lipimwe kwanza kwake. Dawa isipomtambua huyo, inamwagwa. Zamani tulikuwa na ya mfugaji mmoja, lakini alitibiwa akapona, damu yake ikapoa, haikutufaa tena. Ndipo Daktari akatuletea hii nyingine. Ilikuwa kali mno, kali hadi ikawa na kituko chake: ukiiweka kwenye kigae kama ilivyo, buluu ilibaki laini kana kwamba mwenyewe ni mzima. Ilibidi uizimue kwa maji kwanza, hatua kwa hatua, ndipo madonge yajitokeze. Daktari alisema hutokea hivyo damu ikiwa na kinga nyingi kupita kiasi. Mama Joto alisema, "Huyu hatoki chumbani mpaka abembelezwe," na jina likamganda. Kuanzia hapo ikawa sheria ya chumba chetu: hakuna damu inayoitwa safi mpaka ijaribiwe na maji.

Ni katika kipindi hichohicho Mama Joto alipoanza kuumwa. Homa ilimshika alasiri, ikaondoka, ikarudi. Aliamka shuka zimelowa jasho. Mgongo ukauma, kisha nyonga, hadi akawa anapika akiwa ameketi na kuninong'oneza kwamba nyumbani wanamwona mvivu. Daktari alimfuata hadi kwenye kabati, akamshika bega. "Wifi yangu, umechoka tu. Utapimwa damu ili roho yako itulie." Muuguzi wa chumba cha pili akatoa damu. Majibu yalikuja kwa mdomo wa Daktari mwenyewe: "Safi kabisa. Wewe ni chuma." Baada ya muda akapimwa tena. Na tena. Sisi wengine tulitolewa damu mara moja, kidogo, basi yakaisha. Yeye alitolewa bomba zima, na nikamtania kwamba anapendelewa kwa sababu ya undugu. Aliona fahari, maskini, kwamba wifi yake anamjali kiasi hicho.

Kilichomuuma kuliko nyonga kilikuwa kingine. Alitaka mtoto na umri ulikuwa unamtupa mkono. Zamani mumewe ndiye aliyekuwa na haraka. Alishatengeneza hata kitanda kidogo kwa mabati ya friji kuukuu, kimepakwa rangi ya maziwa. Ghafla akawa mtu wa "tusubiri kidogo". Tusubiri mvua zipite, tusubiri nyumba ipigwe rangi, tusubiri upate nguvu. Kitanda kikajazwa nguo zinazosubiri pasi. Mama Joto akaamua kuna mwanamke mwingine. Akanishika mkono siku moja baada ya kazi, tukamfuata bwana huyo hadi nyuma ya duka la nyama, mimi nimejifunga kibwebwe tayari kwa vita. Tulimkuta nusu ya mwili wake imo ndani ya friji kubwa, miguu nje, anaitukana mota. Tulirudi tukicheka hadi tukashikilia ukuta. Lakini njiani alisimama, akasema, "Sasa kama hana mwanamke, ana nini?"

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kabati, akataka kusimama, akashindwa. Nilimwinua kwapani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu ya glavu.

"Jipime mwenyewe," nikamwambia. "Dawa unaitengeneza wewe, kigae kiko hapo."

"Daktari amekataza. Anasema mfanyakazi akijipima atajitia wasiwasi bure."

"Daktari yuko mkutanoni. Na wasiwasi unao tayari."

Tulivua glavu, nikamfunga mpira mkononi, akajitoa damu mwenyewe kwa ustadi wake. Tukaiacha igande. Majimaji yalipopanda aliweka tone, akaweka buluu, akatikisa kigae huku mimi nimesimama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Tulisubiri. Buluu ikabaki laini, inang'aa.

"Safi!" nikapiga kelele. Akacheka, akanikumbatia, akajaribu kucheza, nyonga ikamkumbusha. "Basi ni uzee," akasema. "Nimezeeka, mwenzangu, wala si kosa la mtu." Nilichukua kigae nikaenda nacho kwenye sinki, nikafungua bomba.

"Ngoja." Alikuwa amesimama wima, mkono kwenye meza. "Sijaongeza maji."

Alirudia kazi yote kama alivyokuwa akiwafanyia wageni wote waliopita kwenye kigae hicho. Alizimua mara ya kwanza, buluu laini. Akazimua tena, laini. Alipozimua mara ya tatu, pembeni mwa tone pakaanza kukatika. Vidonge vidogo vya buluu vikaogelea, vikashikana, hadi katikati pakawa maji matupu. Alikwenda kwenye friji, akatoa Bibi Harusi, akaiweka kwenye kigae kilekile, ubavuni. Laini. Laini. Kisha pale pale, kwenye maji yaleyale, ikajitokeza.

"Labda watu wawili wanaweza kufanana," nikasema, na sauti yangu mwenyewe haikuniamini.

"Kichupa hiki juma lililopita kilikuwaje?"

"Kilikuwa kimekwisha. Nilikiosha mimi. Nilimkabidhi muuguzi mkononi."

"Mimi nilitolewa damu lini?"

Nilitaka kusema sikumbuki. "Juma lililopita," nikasema.

"Na leo kimejaa." Alikifunga kichupa kwa uangalifu, akakirudisha mahali pake, maana mtu haachi tabia yake kwa siku moja. Halafu akaketi kwenye kigoda, akasema neno ambalo halitoki masikioni mwangu: "Kila asubuhi, mwenzangu. Kila asubuhi nilikuwa najishika mkononi."

Sikumwacha arudi nyumbani peke yake. Tulimkuta fundi ametandaza nati zake juu ya gazeti. Mama Joto hakuvua hata viatu.

"Nimejipima leo," akamwambia. "Nina ugonjwa."

Mume yeyote, hata awe mpole namna gani, angeuliza ugonjwa gani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nangojea swali hilo, na halikutoka. Yeye aliinamia nati zake, akaanza kuzipanga kubwa na kubwa, ndogo na ndogo.

"Ulijua," akasema Mama Joto.

"Aliniambia ni kwa muda mfupi tu..."

"Muda mfupi tangu lini?"

"Alisema kipimo kikikamilika utapewa dawa siku hiyohiyo. Alisema homa hii haiui. Alisema tu tusibebe mimba kwanza, kwa sababu mtoto anaweza..." Hakuimaliza, kama kawaida yake. "Ni dada yangu. Ni daktari. Mimi ningejua nini?"

"Ungejua kwamba naumwa! Ulikuwa unanigeuza kitandani!" Ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti. "Nimekufikiria una mwanamke. Nimekufuata mitaani kama kichaa. Heri ungekuwa naye. Mwanamke ningejua la kumfanya."

Shemeji alianza kulia. Nami niseme ukweli, sikumhurumia hata kidogo. Kuna machozi ya mtu aliyeumia na kuna machozi ya mtu aliyekamatwa, na mimi nimelea watoto watatu, nayatofautisha. Mama Joto alitoa nguo kwenye kile kitanda kidogo, moja moja, akazifungasha zilizo zake, tukaondoka. Alilala kwangu.

Kesho yake hakwenda kazini. Alikwenda hospitali ya mbali kidogo, ambako hakuna anayemjua wifi yake, akapimwa na kuthibitishwa, akarudi na vidonge vya aina mbili vya kumeza wiki nyingi. Daktari wa huko alimwambia homa itaondoka. Nyonga imeshaliwa, hiyo haitarudi ilivyokuwa. Kuhusu mtoto alisema apone kwanza, halafu waone, na kwa umri wake asiweke matumaini makubwa. Mwanamke aliyetoka kuambiwa hayo ndiye aliyeniambia, "Twende ofisini kwake. Nataka mtu wa kusikia."

Daktari alikuwa mezani na vijikaratasi vyake vimepangwa mbele yake, vyote vimetokeza mistari myekundu mizuri. Kaka yake alikuwa ameshampigia simu, ilionekana. Hakukana. Afadhali angekana.

"Wifi, kaa," akasema. "Kaa nikueleze."

"Nitasimama. Nikikaa siinuki, unajua sababu."

"Wagonjwa wote wanatibiwa, damu zao zinapoa. Nilihitaji damu moja kali, ileile, mwanzo hadi mwisho. Bila hiyo kipimo hakiaminiki. Nilipoiona yako..." Alisugua paji la uso. "Nilijiambia ni miezi michache. Kisha kikagoma, nikaanza upya. Kila mara nilikuwa karibu kumaliza. Nimefanya kwa ajili yenu, ninyi mnaoshika vitu hivi. Wa baada yako hataugua."

"Ungeniomba."

Daktari alianza kupanga upya vijikaratasi vyake.

"Ningekupa, wifi. Unanijua. Ungeniambia, ninywe dawa baadaye kidogo, ningekubali kama mjinga na kukushukuru. Kwa nini hukuniomba?"

"Niliogopa utakataa."

Basi. Miaka yote ya "wifi yangu", na hilo ndilo lililokuwa chini yake. Nilitamani kuchukua vile vijikaratasi nivitie kwenye maji ya kuoshea. Mama Joto aliangalia mistari myekundu kwa muda, na nikaona, ajabu ya Mungu, kwamba anaikagua kama imenyooka.

"Vimefaulu?" akauliza.

"Vimebaki vya mwisho, vya kuthibitisha." Sauti ya Daktari ikashuka. "Kichupa hakitatosha. Wifi, nina aibu kusema. Umeshaanza dawa?"

Niliruka. "Wewe mwanamke huna haya!" nikasema, mimi mwosha vioo, kwa mkuu wangu wa kazi. Mama Joto alinishika mkono. Alitoa vidonge kwenye mkoba, akamimina maji kutoka kwenye jagi la Daktari, akameza mbele yake, cha kwanza na cha pili, polepole.

"Damu haipoi kwa siku moja," akasema. Akakunja mkono wa gauni. "Utatoa wewe mwenyewe. Usimwite muuguzi."

Daktari hakuwa ameshika sindano kwa miaka mingi. Alikosa mshipa, akakosa tena, na Mama Joto akamwelekeza, "Shuka kidogo. Hapo." Damu ikaingia kwenye bomba hadi likajaa. Daktari alianza kusema nisamehe wifi, nisamehe, na Mama Joto alikuwa anabana pamba kwenye kidonda chake.

"Hii nimekupa kwa sababu ya huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Ana watoto na anaosha chupa zangu. Zile nyingine zote uliniibia. Usije ukazichanganya."

Hakurudi tena, si maabara wala kwa fundi. Anakaa kwa dada yake, anashona mashuka ya hospitali, anatembea na fimbo. Homa imemwachia. Nikienda kumwona tunaongea mengine, na tukicheka tunacheka kwelikweli, lakini habari ya mtoto hatuigusi.

Kipimo kimefaulu, siwezi kusema uongo. Kinatumika na kinafanya kazi. Kabati la joto limezimwa. Sasa hivi ndani yake tunaweka masanduku ya glavu. Napumua vizuri niwapo kwenye sinki, na kila nikipumua najua nani amelipa. Daktari amepongezwa na watu wakubwa, amepigwa picha na kijikaratasi mkononi. Bibi Harusi bado yumo kwenye friji, amegawanywa katika vichupa vidogovidogo na kugandishwa, kwa maana kila toleo jipya la vijikaratasi lazima lipimwe kwake kwanza.

Majuzi tuliletewa mtaalamu mpya, mwanamke makini mwenye maswali mengi. Daktari alikuwa anamtembeza chumbani, akamfungulia friji, akamweleza kile kituko cha maji. Mtaalamu akakiinua kichupa kwenye mwanga.

"Kali kweli hii," akasema. "Ilikuwa ya nani?"

"Ya mgonjwa mmoja tu wa zamani," akasema Daktari.

Mimi nilikuwa kwenye sinki, mikono imejaa povu. Nilifunga bomba ili nisikike vizuri.

"Ya wifi yake," nikasema.